Kuivisha nguo ndege ya mabawa mawili

Ukitaka kuivisha mifupa ya ndege ndogo kitambaa, anza na pasi. Kabla hujagusa kitambaa wala kufungua kopo la gundi, pima joto la pasi yako. Mimi sikupima, nikaharibu mkia.

Nashona makochi na viti vya magari hapa Majengo, Moshi, huu ni mwaka wa 19. Mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, aliniita bandani kwake akanionyesha mifupa ya ndege. Ni mabomba ya aluminiamu na ribiti, zile pini za kuyaunganishia, vilivyokuja sandukuni kutoka Marekani, akaviunga mwenyewe kwa miaka mitatu. Umbo ni la Nieuport 11, ndege ya kivita ya Wafaransa ya mwaka 1916, ila hii ni ndogo kidogo kuliko ile ya asili. Bawa la juu ni pana, la chini jembamba, na kati yake kuna nguzo zenye umbo la V. Ile ya vitani ilibeba bunduki juu ya bawa la juu ili risasi zipite juu ya propela. Bunduki ya Mzee ni ya mbao, imepakwa rangi nyeusi. Akaniambia, "Mama, injini naiweza. Nguo ndiyo inanishinda."

Mwaka ule ule wa 1916, mwezi Machi, Waingereza waliuteka mji wetu huu kutoka kwa Wajerumani, na ndege walizokuja nazo vita vile zilikuwa za mabawa mawili, zimevishwa kitani. Siku hizi tunatumia poliesta ya ndege. Yetu ina uzito wa gramu 60 hivi kwa mita moja ya mraba, nyepesi kama shela. Usidanganyike na poliesta ya sare za shule hata kama inafanana. Ile imeshapigwa joto kiwandani, haijivuti tena. Hii ya ndege huuzwa mbichi, na ukiipitishia pasi inajifinya mpaka inakaza kama ngoma. Kazi yote imesimama juu ya tabia hiyo moja.

Basi pasi. Tafuta kavu, isiyo na mvuke. Yangu niliipata kwenye soko la mitumba la Memorial. Yale maandishi ya hariri na pamba kwenye kitufe usiyaamini. Chukua kipimajoto cha waya, kigusishe kwenye bati la pasi, uache pasi iwake na kuzima yenyewe mara nne au tano, maana joto linapanda na kushuka. Unachotafuta ni kule linakofika likiwa juu kabisa. Nilitia alama tatu kwenye kitufe kwa rangi ya kucha: nyeupe nyuzi 120, ya waridi 150, nyekundu 175. Ikipita 177 kitambaa kinaanza kulegea, na kikishalegea hakirudi. Ndicho kilichonikuta kwenye kibawa cha mkia. Nilizoea pasi ya nyumbani, nikapeleka mkono, nikaona kitambaa kinakaza vizuri, halafu mbele ya macho yangu kikalala. Tulikibandua chote. Pima upya kila asubuhi, kwa sababu umeme wetu haufiki na nguvu ile ile kila siku. Na kama mbavu za ndege yako, yaani vile vipande vya ndani vinavyolipa bawa umbo, ni nyembamba, mwongozo wake unaweza kukukataza kufika 175. Utii mwongozo, usinitii mimi.

Kabla ya kufunga bawa, pitisha kiganja kwenye kila ubavu. Kila kichwa cha ribiti na kila ncha inayokwaruza ifunike kwa utepe, la sivyo itakula nguo kidogo kidogo ndege ikitetemeka. Kisha mwite fundi wa ndege mwenye leseni akague na kusaini bawa likiwa bado wazi. Mzee alikuwa na haraka siku hiyo, nikamwambia sishiki mkasi mpaka saini iwepo. Ukishafunga, hakuna anayeona ndani tena isipokuwa kwa vidirisha vidogo vya ukaguzi. Mambo ya kibali cha kuruka ni ya Mzee na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Alikwenda kuwauliza kabla hajalipia sanduku, na wewe fanya hivyo.

Kuvisha kuna njia mbili. Unaweza kushona foronya ukaivuta juu ya bawa, au ukatandika vipande viwili kama shuka, cha chini kwanza, halafu cha juu kikalalia cha chini. Mimi nilidhani foronya ndiyo ingenifaa, lakini mshono ukipinda kidogo bawa zima linapinda, nikachagua shuka. Gundisha ukingo wa mbele vipande vipandane sentimita 5, kwingine 2.5. Usivute kitambaa kwa nguvu kama unavisha kochi, huo mkono ilibidi niusahau. Kiache kilegee kiasi, pasi itamaliza.

Pasi ya kwanza, nyuzi 120, upande wa chini wote, kisha geuza bawa ufanye wa juu. Ndipo urudi na 150, pande zote mbili tena, na mwisho 175. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho huku upande wa pili umelegea, bawa linajipinda. Kila baada ya mzunguko tuliweka pimamaji kwenye mbavu tatu zile zile. Kwenye maungio ya gundi usifike na joto kubwa, gundi inalainika.

Sasa kushona, na hapa ndipo nilipofurahi. Angani upepo unainyonya nguo ya juu, gundi peke yake haitoshi, kwa hiyo nguo inafungwa kwenye kila ubavu kwa uzi wa nta. Simamisha bawa wima. Mimi upande huu na sindano ndefu ya sentimita 30, mpwa wangu upande wa pili. Nachoma kando ya ubavu, yeye anavuta, anarudisha kando ya pili. "Shangazi, imetoka." Nakaza, napiga fundo, nalisukuma kwa ukucha lizame pembeni mwa ubavu lisikae juu. Karibu na propela, ambako upepo ni mkali, tulishona kila sentimita 6, kwingine 9, kama mwongozo wetu ulivyosema. Vidole vinachubuka. Funga plasta mapema, usisubiri damu ichafue kitambaa.

Juu ya mishono bandika utepe wenye kingo za meno. Kwenye ukingo wa nyuma, chini, toboa tundu la kutolea maji kati ya kila mbavu mbili, ukitanguliza pete ya plastiki ili kitambaa kisichanike.

Dawa ya kupaka juu ya kitambaa usiipake wakati wa masika. Hewa ikiwa na unyevu, dawa inakauka na ukungu mweupe juu yake na haishiki. Sisi tulingoja Julai, tukaanza saa nne asubuhi umande ukishakauka. Dawa ya kwanza inaziba vitundu vya kitambaa. Zinazofuata ni zile za rangi ya fedha, zenye unga wa aluminiamu, na hizo usizifanyie uchoyo, maana jua letu ndilo adui mkubwa wa poliesta. Rangi ya urembo inakuja baadaye.

Kujua kama hiyo rangi ya fedha imetosha, subiri usiku. Zima taa za banda, ingiza balbu ndani ya bawa kupitia kidirisha cha ukaguzi, usiiache iguse nguo, kisha zunguka nje polepole. Hutakiwi kuona mwanga. Bawa la juu lilikuwa giza tupu. Kwenye la chini, mpwa wangu aliita kutoka upande wa pili: kwenye ubavu wa nne kulikuwa na nukta moja, ndogo kama nyota. Tuliizungushia chaki, na asubuhi tukapaka tena.