Kabla hujashika spana: kulitayarisha gari la zamani kwa matengenezo madogo

Gari likishakula miaka halina tena ugonjwa mmoja. Kioo cha dirisha kinapanda kwa kusuasua, taa ya injini inawaka na kuzimika itakavyo, dashibodi ina mlio usiojulikana unatokea wapi, na mlango wa nyuma mpaka uubamize mara mbili ndipo ufunge. Hakuna hata kasoro moja kati ya hizo inayolizuia gari kutembea, ndiyo maana zinalimbikizana. Halafu mwenye gari anapata mwisho wa juma wenye nafasi na fedha kidogo, anataka azimalize zote kwa mpigo, na papo hapo afunge redio mpya na taa za LED. Hapo ndipo gari lililokuwa likitembea linalala juu ya jeki wiki nzima.

Dawa ni kuandika kwanza. Kwa wiki mbili tatu weka daftari ndani ya gari na kasoro inapojitokeza uandike imetokea katika hali gani: injini ya baridi au ya moto, mvua au jua, barabara laini au mashimo, ukikanyaga breki au ukikata kona. Ukimwambia fundi "gari linalia mbele" hujamwambia kitu. Ukimwambia linagonga mbele kulia unapopita tuta taratibu, ataanza na linki za stebilaiza na bushi (mipira ya viungo vya chini). Ukimwambia ni tak-tak-tak inayotoka upande mmoja unapokata kona kali huku umekanyaga mafuta, atakwenda moja kwa moja kwenye jointi ya nje ya ekseli. Gharama kubwa ya magari yaliyochoka hutokana na spea zilizonunuliwa kwa kubahatisha, kisha kasoro ikabaki palepale.

Taa ya injini nayo ina daftari lake. Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani tangu 1996, na Ulaya tangu 2001, yana soketi ya OBD-II, ya kuunganishia kifaa cha uchunguzi, chini ya dashibodi, na mashine ndogo ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu, haina ughali wa kutisha. Soma kodi, ziandike zote, usizifute bado. Kodi inakwambia kompyuta imeona nini. Haikwambii spea gani imekufa. Kodi ya mchanganyiko kuwa na mafuta machache, kwa mfano, huwafanya watu wakimbilie kununua sensa ya oksijeni, ilhali kwenye injini ya zamani kinachostahili kutazamwa kwanza ni mpira mwembamba wa vakyumu uliopasuka na kunyonya hewa. Dalili yake ni sauti ya kufoka kama mluzi chini ya boneti na injini isiyotulia gari likiwa limesimama. Mpira huo ni wa bei ndogo, sensa sivyo. Na kama gari linakaribia ukaguzi wa moshi, usifute kodi siku moja kabla: kufuta kunafuta pia majaribio ya ndani ambayo kompyuta ilikwisha kuyakamilisha, na itahitaji kuendeshwa kwa muda katika hali mbalimbali kabla haijawa tayari kukaguliwa.

Ukishapata orodha, ipange. Breki, usukani, matairi na taa zinatangulia, hata kama hazikukeri. Zinafuata kasoro zinazoweza kukuacha njiani: mkanda wenye nyufa, rejeta inayopungua maji, betri inayosuasua asubuhi. Kero za ndani ni za tatu, mapambo ni ya mwisho. Wengi wanaanza kinyume, maana redio mpya inaonekana na mafuta ya breki hayaonekani. Lakini mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu unashusha kiwango chake cha kuchemka: mafuta mapya ya daraja la DOT 4 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, na yakishashika maji kiwango hicho cha chini kinashuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu tofauti hiyo unaisikia kwa mguu. Watengenezaji wengi wanataka yabadilishwe kila miaka miwili au mitatu. Matairi nayo yasome ubavuni: tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata, yaani meno ya tairi, inaweza kuwa bado nene huku mpira umekwisha kukauka.

Kuna hatua moja inayorukwa sana, nayo haigharimu chochote. Chukua namba ya chesisi, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji au ya mamlaka ya usalama barabarani ya nchi ambayo gari lilitengenezwa kwa soko lake, uangalie kama kuna wito wa kulirudisha kwa marekebisho. Kwa masoko mengi namba hiyo ina herufi na tarakimu 17. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi zaidi. Wito maarufu kuliko yote ni ule wa eabegi (mifuko ya hewa ya usalama) za kampuni ya Takata, ambao ulihusu makumi ya mamilioni ya magari ya kampuni nyingi. Kemikali ya kulipulia mfuko, amonia naitreti, huharibika kwa miaka ya joto na unyevunyevu, na kasha la chuma linaweza kupasuka na kurusha vipande ndani ya gari. Umri ndio unaoongeza hatari hapa, kwa hiyo mwenye gari kuukuu ndiye wa kwanza kuangalia. Marekebisho ya wito kwa kawaida ni ya bure, ingawa gari lililohamishwa nchi linaweza kukuzungusha.

Sasa umeme, ambako kasoro nyingi ndogo hukutana. Usitafute ubaya kwenye taa, vioo wala redio kabla hujaipima betri. Multimita (kipima umeme) ya bei ya chini inatosha. Gari likiwa limelala saa kadhaa, betri iliyojaa husoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 iko karibu na nusu. Washa injini: magari mengi ya zamani yatasoma kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo, tazama mkanda, vichwa vya betri na alternata inayochaji betri. Kama betri inaisha usiku gari likiwa limezimwa, unganisha mita kwa mfuatano kwenye waya hasi (kati ya kichwa cha betri na waya uliochomolewa), funga milango, subiri nusu saa au zaidi kompyuta zilale, usome. Zaidi ya miliampea 50 hivi ni dalili ya kwamba kuna kitu hakilali, na aghalabu ni redio iliyofungwa ovyo au taa ya buti.

Halafu athi, yaani mahali waya hasi unapofungwa kwenye bodi. Hiki ndicho chanzo cha vituko vingi vya gari la zamani, na ni nadra mtu kukifikiria kwanza. Unawasha indiketa ya kushoto nyuma, taa ya breki nayo inapepesa pamoja nayo kwa mwanga hafifu. Balbu ni nzima na fyuzi ni nzima. Ila umeme umekosa njia ya kurudi, ukaamua kupitia balbu ya jirani. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha kishikio cha taa, taa ikiwa imewaka. Ukiona zaidi ya takriban volti 0.2, fuata waya wa athi hadi kwenye bolti yake. Utakuta kutu ya kahawia au unga wa kijani chini ya kichwa cha waya. Fungua, sugua kwa msasa hadi chuma king'ae pande zote mbili, kaza, paka grisi juu yake. Kazi ya dakika chache, na mara nyingine inaponya kasoro tatu kwenye orodha.

Ndiyo maana nashikilia kwamba maboresho yaje baada ya gari kurudishwa hali yake ya asili. Kila kitu kipya unachofunga kinaegemea waya wa miaka mingi. Kabla ya kununua taa zenye mwanga mkali, pima volti kwenye plagi ya taa ya mbele: gari likisoma 14 kwenye betri na 12 kwenye taa, balbu unazolaumu hazina kosa. Kwenye magari ya zamani ambayo umeme wote wa taa unapitia swichi ya usukani, rilei mbili (swichi zinazoendeshwa na umeme) na waya mnene kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake karibu na betri, huleta mwanga kuliko balbu yoyote ya kifahari. Na kioo cha taa kilichogeuka njano ni plastiki ya polikaboneti iliyochomwa na jua. Kinasafishwa kwa msasa wa maji, 1000 kisha 2000 kisha 3000, na polishi. Usiishie hapo. Msasa umeondoa tabaka la kinga la kiwandani, na usipopaka kinga mpya ya jua kitarudi njano baada ya miezi michache.

Balbu za LED kwenye taa iliyobuniwa kwa halojeni mimi sizipendekezi. Kioo cha ndani kinachoakisi mwanga kimechongwa kufuata mahali uzi wa balbu ya halojeni, kama ile ya aina ya H4, ulipo hasa. Chanzo cha mwanga kikihama au kikiwa na umbo jingine, mwanga unatawanyika machoni mwa anayekuja mbele, na nchi nyingi hazikubali. LED za indiketa nazo hula umeme kidogo hata rilei ikadhani balbu imeungua na kuanza kupepesa harakaharaka. Kampuni ya bima nayo ipigie simu kabla ya kubadilisha taa, rimu au springi; wengine hutaka kuarifiwa.

Redio mpya inataka maandalizi ya adapta. Nunua ile inayolingana na plagi ya gari lako ili usikate waya hata mmoja wa kiwandani. Na fyuzi iliyoungua usiibadilishe kwa kubwa zaidi: nyekundu ya ampea 10 haigeuzwi ya njano ya 20 eti kwa sababu inaungua mara kwa mara. Fyuzi iko pale kuulinda waya, na waya haukunenepa.

Spea agiza kwa namba ya chesisi, si kwa jina la gari, maana modeli moja hubadilishiwa vifaa katikati ya mwaka. Agiza pia vile vidogo ambavyo hukumbukwa gari likiwa limeshafunguliwa: klipu za plastiki za paneli za mlango, ambazo kwa umri huu zitavunjika tu, washa za shaba za kutumika mara moja, gasketi, vibana vya mpira. Spea iliyotumika si mbaya kwa kioo cha pembeni, swichi au paneli. Kwa kitu chochote cha mpira ni kununua uzee wa gari la mwenzio. Na ya zamani isitupwe hadi mpya ifungwe na ionekane inafanana.

Chini ya gari, stendi kwanza. Jeki ni ya kunyanyulia tu, kamwe si ya kulalia chini yake, na magurudumu yaliyobaki yawekewe vizuizi. Bolti zenye kutu zimwagiwe mafuta ya kulegeza jana yake na tena asubuhi. Zinazokatika ni zile zilizoharakishwa. Kama unabadilisha bushi za mpira za mikono ya gurudumu, kumbuka kukaza bolti kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, mpira unajisokota pindi gari linaposhuka, na bushi mpya zinapasuka mapema huku ukilaumu duka.

Ukifungua usukani au siti, waya za njano ni za eabegi: chomoa betri, hasi kwanza, usubiri kadiri kitabu cha gari kinavyoagiza. Kabla ya kuchomoa hakikisha una namba ya siri ya redio ikiwa inahitaji, na tegemea kwamba vioo vya umeme vitataka kufundishwa upya kupanda hadi mwisho.

Chagua siku ambayo kesho yake huhitaji gari, na saa ambazo maduka ya spea bado yako wazi. Piga picha kabla ya kufungua. Fanya kazi moja, endesha, kisha nyingine. Ukibadilisha shokapu, plagi na mkanda mchana mmoja na jioni ukasikia mlio mpya, hutajua umfuate nani.

Na pitia orodha mara ya mwisho ukitafuta vya kuacha. Injini yenye umri kutoa jasho la oili kwenye gasketi ya kava si dharura. Ifute kavu, tandika boksi lililokunjuliwa chini usiku kucha, angalia kijiti cha oili kila wiki kwa mwezi mmoja. Boksi likiwa safi na kiwango hakijashuka, iache hivyo. Likiwa na matone, tazama yako chini ya upande gani kabla ya kuagiza gasketi, na angalia visima vya plagi za kuwashia injini kama havina oili.