Maandishi Yakipandana kwenye Ukurasa: Namna ya Kuyatenganisha

Msimu wa korosho uliopita nilitengeneza ukurasa wa bei za mnada kwa ajili ya chama kimoja cha msingi hapa Mtwara. Kwenye kompyuta ulipendeza, lakini kwenye simu kichwa "Bei ya korosho ghafi, daraja la kwanza na la pili" kilivunjika mistari miwili, na mstari wa pili ukaangukia juu ya bei yenyewe, hata mkulima asiweze kusoma kilo moja ni shilingi ngapi. Katika CSS, lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa, kichwa nilikuwa nimekipa `position: absolute`, kisha nikalisogeza jedwali chini kwa piseli 40 za kukisia.

Elementi (kipande chochote cha ukurasa, kama kichwa au picha) yenye `absolute` huondolewa katika mpangilio wa kawaida, mfano wa mtu aliyetoka kwenye foleni ya mizani: walio nyuma husogea na kuchukua nafasi yake, naye akirudi kusimama palepale, hukanyagana.

Fungua ukurasa kwenye kompyuta, bonyeza F12 ili zana za kukagua ukurasa zifunguke, punguza upana hadi piseli 360, kisha chagua maandishi yaliyopandana na, katika orodha ya CSS yake, uondoe tiki kwenye mstari wa `position`. Yakiachana, chanzo umekipata. Futa mstari huo pamoja na `top` na `left` zake, nafasi uiweke kwa `margin` (pengo la nje ya kisanduku), na kama kisanduku kina `height` isiyobadilika, tumia `min-height` ili kirefuke pamoja na maneno. Usikimbilie `z-index`, kwa kuwa hiyo huamua tu nani awe juu. Aliye chini hubaki amefunikwa.

Pale unapotaka kwa makusudi maandishi yakae juu ya picha, mpe mzazi (kisanduku kinachovibeba vyote viwili) `display: grid` na watoto wote wawili, yaani picha na maandishi, `grid-area: 1 / 1`, watashika chumba kimoja, nacho kitarefuka maneno yakiongezeka. Kichwa cha ukurasa kinachofunika aya ya kwanza kwa sababu ya `position: fixed` kibadilishie `sticky` pamoja na `top: 0`, kwani kwa `sticky` kichwa hubaki na nafasi yake katika mpangilio.

Kabla ya kupakia, andika kichwa kirefu kuliko vyote unavyotarajia, kisha kuza herufi hadi asilimia 200 katika upana uleule wa simu, maana wapo wazee wanaosoma bei hizo kwa herufi zilizokuzwa hivyo.