Somo: Keki ya boga na karanga kwa sikukuu, haina ngano wala sukari

Mapishi mengi ya keki zenye wanga kidogo yameandikwa kwa unga wa lozi. Kwa Mwanza lozi ni bidhaa ya supamaketi, pakiti ndogo na bei kubwa, ilhali karanga zimejaa Usukuma nzima. Uzuri ni kwamba zinakaribiana: gramu 100 za karanga mbichi zina wanga wa gramu 16 hivi, na karibu nusu yake ni nyuzinyuzi ambazo mwili hauzigeuzi kuwa sukari. Unga wa ngano wa uzito huohuo una wanga usiopungua gramu 70.

Kabla ya kuwasha moto, tuondoe mkanganyiko unaorudi kila Desemba. "Haina ngano" si sawa na "ina wanga kidogo". Unga wa muhogo hauna gluteni (protini ya ngano inayofanya unga uvutike) hata chembe, lakini ni wanga karibu mtupu, kuzidi hata ngano. Mtama, ulezi, dona na unga wa mchele vimo kapu hilohilo. Michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) pia, hata ukivisaga laini namna gani. Anayemwokea mgonjwa wa kisukari keki ya muhogo hajampunguzia kitu.

Mahitaji (chombo cha duara cha sentimita 20, vipande 12)

- Karanga mbichi gramu 300 (utabaki na unga wa gramu 250)
- Mbegu za chia vijiko 2 vya chakula
- Boga lililopikwa, kupondwa na kukamuliwa, gramu 150
- Mayai 5 makubwa, yasiwe ya baridi
- Samli gramu 80
- Kitamu kisicho sukari: erithritoli gramu 110, au stevia yenye utamu sawa na sukari gramu 80
- Beking poda kijiko 1 na nusu cha chai
- Mdalasini vijiko 2 vya chai, tangawizi kavu 1, iliki nusu, karafuu ya kusaga kwa ncha ya kisu
- Chumvi robo kijiko cha chai, maji ya limau kijiko 1 cha chai

Tumia mizani. Kikombe hudanganya kwa karanga: ukishindilia unapata theluthi zaidi, na keki inatoka nzito kama tofali.

Hatua ya 1: Chagua karanga

Zimwage kwenye ungo mahali penye mwanga. Toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, na zinazoonja uchungu. Hili si suala la ladha tu. Sumukuvu (sumu inayotolewa na ukungu) hukaa kwenye karanga zilizohifadhiwa na unyevu, na joto la kuokea haliiondoi. Msimu wa vuli ndio wa kuwa mkali zaidi. Karanga za kusaga zilizokwisha kufungwa kwenye mifuko sokoni sizipendekezi kwa keki hii, kwa sababu huoni kilichosagwa, na mashine iliyotoka kusaga mahindi hubakiza unga ndani.

Hatua ya 2: Kausha, menya, saga

Weka karanga kwenye kikaango juu ya moto mdogo kwa dakika 8 hadi 10 huku ukikoroga. Lengo ni kuzikausha na kulegeza maganda. Usisubiri zigeuke kahawia. Karanga iliyokaangwa sana huachia mafuta mapema na harufu yake hufunika viungo vyote, ukala keki inayoonja kashata. Ziache zipoe kabisa, fikicha kwa viganja, pepeta.

Kusaga ndiko kunakowashinda wengi. Ukiiachia blenda iendelee, ndani ya nusu dakika una siagi ya karanga. Gawa mafungu ya gramu 100, kila fungu na chia kidogo kavu, kisha bonyeza sekunde 3, acha, tikisa, bonyeza tena. Mara 6 au 7 zinatosha. Chekecha, mabaki makubwa yarudie. Mwenye kinu atapata matokeo bora kuliko blenda, mradi atwange polepole na kuchekecha mara kwa mara. Unga mzuri ukiubana kiganjani hushikana, ukiugusa unavunjika. Ukibaki donge linalong'aa mafuta, hilo peleka kwenye mboga, anza upya.

Hatua ya 3: Kamua boga

Usilichemshe ndani ya maji. Lipike kwa mvuke, au lioke vipande na maganda yake hadi lilainike, kisha ponda. Funga kwenye kipande cha kanga safi, ning'iniza saa moja, halafu kamua. Gramu 150 zipimwe baada ya kukamua. Kwenye keki ya ngano maji ya ziada hushikwa na unga. Hapa hakuna wa kuyashika ila chia na mayai, na yakizidi huzama chini na kufanya tabaka la utelezi kama ugali usioiva. Boga gumu lenye nyama kavu hutoa maji machache, lile la majimaji linaweza kupoteza nusu ya uzito.

Hatua ya 4: Changanya

Piga mayai na kitamu kwa dakika 5 hadi yawe meupe na mazito. Kama unatumia erithritoli ya chembechembe, isage iwe vumbi kwanza, maana keki ikipoa hurudi kuwa chembe na utaisikia kwenye meno kama mchanga. Mimina samli iliyoyeyuka lakini isiyo moto, kisha boga na limau. Vitu vikavu vichanganywe pembeni, viingizwe kwa mwiko. Hapa huna gluteni ya kuogopa, kwa hiyo koroga hadi rojo lilingane. Liache dakika 10 chia ivimbe. Likiwa zito kiasi cha kuanguka kwenye mwiko kwa mabonge, liko sawa.

Wanaotumia stevia wajue wameondoa gramu 110 za kitu kikavu. Ongezeni gramu 20 za nazi kavu isiyo na sukari, iliyosagwa, na mkubali keki fupi kidogo.

Hatua ya 5: Oka

Oveni iwe nyuzi 160, dakika 45 hadi 50. Nyuzi 180 za keki ya kawaida zitaunguza juu kabla katikati haijashika, kwa sababu karanga zina mafuta mengi na hukolea rangi haraka.

Kwa mkaa, chukua sufuria kubwa nzito, mwaga mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili, funika, pasha dakika 10. Weka chombo chenye karatasi chini na kando. Gawa makaa: theluthi chini, theluthi mbili juu ya mfuniko. Karibu kila keki ya mkaa iliyoungua chini iligawiwa makaa kinyume. Usifunue kabla ya dakika 35.

Jambo la wenyeji wa ziwani: usawa wa Ziwa Victoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya bahari, na maji huku huchemka karibu na nyuzi 96. Mapishi ya pwani au ya ng'ambo yanayosema kipimajoto kisome 98 katikati ya keki hayatatimia Mwanza. Ukisubiri, utakausha keki bure. Toa ikisoma 93 au 94. Bila kipimajoto, kijiti kitoke na chembe chache za unyevu, na katikati pakibonyezwa parudi. Mwinuko huohuo ndio sababu ya beking poda kijiko kimoja na nusu badala ya viwili: hewa ni nyepesi, keki hupanda haraka kuliko mayai yanavyoshika, kisha inakaa chini.

Hatua ya 6: Usiikate

Dakika 30 ndani ya chombo, kisha saa 2 nje. Ikiwa bado ya moto, keki ni laini na huvunjika. Mshiko wake unatokana na mayai na samli vikishapoa. Kesho yake ni tamu zaidi. Okeni mkesha wa Krismasi, msioke asubuhi ya sikukuu.

Kwa kupaka juu, ning'iniza mtindi mzito kwenye kitambaa usiku kucha ndani ya friji, tia vanila na stevia. Paka wakati wa kuandaa tu, la sivyo unairudishia keki maji uliyohangaika kuyatoa.

Hesabu: keki nzima ina wanga wa kama gramu 38 baada ya kutoa nyuzinyuzi, yaani gramu 3 na kidogo kwa kipande. Keki ya ukubwa huo ya ngano gramu 250 na sukari gramu 200 hufika gramu 32 kwa kipande. Nishati lakini haijapungua hivyo: kipande kimoja kina kilokalori zipatazo 220. Vipande viwili vinatosha mtu.

MASWALI YA WANACHAMA (kwa eneo analotoka kila mmoja)

Igoma: Shikamoo mwalimu. Nilitumia alizeti badala ya karanga kwa sababu mtoto ana mzio. Keki ndani ikawa ya kijani! Imeoza?

Marahaba mama. Haijaoza na haina madhara. Mbegu za alizeti zina asidi ya klorojeni, nayo ikikutana na beking poda au magadi hugeuka kijani, hasa keki ikikaa siku moja. Ongeza limau hadi vijiko 2 vya chai na punguza beking poda hadi kijiko 1. Alizeti iwe iliyomenywa. Mashudu ya kiwandani ni ya mifugo.

Sengerema: Korosho je? Ni laini kusaga.

Ni laini, lakini ukitoa nyuzinyuzi ina wanga zaidi ya mara tatu ya karanga. Kipande kitapanda hadi gramu 7 hivi. Kwa asiye na kisukari si mbaya. Mwenye kisukari abaki na karanga.

Buhongwa: Dada, asali ya asili si bora kuliko hizo stevia?

Kwa ladha, ndiyo kabisa. Kwa wanga, hapana: gramu 100 za asali zina wanga wa gramu 82, na uasili wake haubadilishi hesabu. Cha ajabu, ndizi mbivu ina unafuu zaidi: gramu 150 badala ya boga huongeza kama gramu 2 tu kwa kipande. Iponde, punguza kitamu nusu, usiikamue.

Ukerewe: Yangu ilipanda vizuri halafu ikabonyea katikati. Nimefuata kila kitu.

Umefunua mapema, au kijiko chako cha chai ni kile kikubwa cha kukorogea uji. Pima beking poda gramu 6. Kama tabaka la chini nalo lilikuwa na utelezi, basi ni boga, rudi hatua ya 3.

Kirumba: Inanuka mayai.

Ulionja ikiwa moto. Ipoe usiku kucha, na safari ijayo ongeza iliki pamoja na ganda la limau lililokwaruzwa.

Nyegezi: Baba yangu anatumia dawa za kisukari, nataka wiki nzima ya sikukuu ale hivi, bila wali wala ugali. Sawa?

Keki haina tatizo. Kinachohitaji tahadhari ni kuondoa wali na ugali ghafla. Anayechoma insulini, na baadhi ya wanaomeza vidonge, sukari inaweza kushuka kupita kiasi akikata wanga huku dozi ikibaki ileile. Mpeleke kliniki yake kwanza wampangie, na glukomita (kifaa cha kupima sukari ya damu) iwe karibu.

Magu: Nataka kuuza. Inakaa siku ngapi?

Siku 2 kabatini, na hiyo ni kwenye hali ya hewa ya kawaida. Siku za mvua mfululizo hesabu moja na nusu. Friji siku 5, friza miezi 2 ikiwa imefungwa kipande kipande. Andika KARANGA NA MAYAI juu ya kila pakiti kwa herufi kubwa. Na usiandike "keki ya kutibu kisukari", kaka, maana haitibu.