Namna ya Kuhakiki Kipimo cha Uvimbe wa Jicho kabla ya Tiba ya Mionzi

Mwongozo huu ni wa mwanafizikia wa tiba, mtaalamu wa altrasaundi na daktari wa macho wanaofanya kazi pamoja katika hospitali ya Kisumu, Kakamega au Nakuru, na ambao wangependa kuboresha upigaji picha na matibabu ya saratani ya jicho kwa vifaa walivyo navyo. Timu nyingi huanza kwa kuandika barua ya kuomba mashine mpya. Kwa maoni yangu, pa kuanzia ni milimita. Kimo cha uvimbe ndani ya jicho huchangia sana kuamua iwapo jicho litaokolewa kwa plaki, yaani kisahani kidogo chenye mionzi kinachoshonwa juu ya utando mweupe wa jicho kwa saa au siku kadhaa, na pia huamua plaki hiyo ni ya aina gani na ikae kwa muda gani. Kimo hicho mara nyingi hupimwa kwa altrasaundi ileile ambayo tayari iko chumbani.

Saratani ya jicho inayowapata watu wazima wengi wa eneo letu, hasa wanaoshinda juani na wanaoishi na VVU, hukaa juu ya uso wa jicho na kwa kawaida hukatwa kwa upasuaji. Yanayofuata yanahusu uvimbe ulio ndani, ambao kwa watoto ni retinoblastoma, yaani saratani ya retina, utando wa ndani wa jicho unaopokea mwanga. Jicho la mtu mzima lina urefu wa takriban milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma, na la mtoto mchanga ni kama milimita 17. Katika nafasi finyu kiasi hicho, kosa la milimita moja si dogo.

Anzeni kwa kuipima mashine yenyewe. Chukueni kasha la plastiki lenye kuta ngumu, mtoboe matundu madogo pande mbili zinazotazamana, kisha mpitishe nyuzi nyembamba za nailoni zikiwa zimekazwa, moja chini ya nyingine, kwa umbali wa milimita 5 hivi. Mshipi mwembamba wa kuvulia samaki unafaa kabisa, na mjini Kisumu hauhitaji kuagizwa kutoka mbali. Zibeni matundu kwa gundi isiyopitisha maji. Pimeni umbali halisi kati ya nyuzi kwa kalipa ya vernia na muuandike, kwa sababu matundu yaliyotobolewa kwa mkono hayawi sawasawa. Jazeni kasha maji yaliyochemshwa yakapoa, ili viputo vya hewa visije vikaharibu picha, kisha mtumbukize kipimajoto.

Joto la maji ndilo ambalo wengi hulisahau. Mashine haipimi umbali. Hupima muda ambao mwangwi unachukua kurudi, kisha hukokotoa umbali kwa kasi ya sauti iliyowekwa ndani yake, ambayo mara nyingi ni mita 1,540 kwa sekunde. Katika maji yenye nyuzi joto 27, ambalo ni joto la kawaida la chumba mjini Kisumu, sauti husafiri kwa takriban mita 1,502 kwa sekunde. Kwa hiyo nyuzi mbili zilizo umbali wa milimita 20 zitaonekana kwenye kioo kuwa ziko milimita 20.5, ilhali mashine haina kasoro yoyote. Zidisheni umbali halisi kwa kasi ya mashine, mgawanye kwa kasi ya sauti katika maji ya joto hilo, ndipo mlinganishe na kinachosomeka. Someni pia katika mipangilio ni kasi gani mashine yenu inatumia, kwani baadhi ya mashine za macho hutumia 1,532 au 1,550. Pimeni kutoka ukingo wa juu wa mwangwi wa uzi mmoja hadi ukingo wa juu wa mwangwi wa uzi unaofuata, wala si katikati ya alama. Tofauti ikizidi milimita 0.3 baada ya kusahihisha, mwiteni fundi kabla ya kumpima mgonjwa mwingine. Rudieni jaribio hili kila mwezi, na kila mara umeme unapokatika ghafla mashine ikiwa inafanya kazi.

Kwa mtoto, kipimo hufanyika akiwa amepewa dawa ya usingizi, kwa hiyo kila kitu kiwe kimekaguliwa mapema. Wekeni jeli nyingi juu ya kope iliyofumbwa na msibonyeze, maana jicho lililobonyezwa hubadilika umbo. Ongezeni kwanza nguvu ya mwangwi hadi uvimbe wote uonekane pamoja na chembe za chokaa, ambazo ni dalili kubwa ya retinoblastoma. Kisha mpunguze hadi kingo ziwe kali, ndipo mpime. Picha iliyoachwa na mwangwi mwingi huufanya uvimbe uonekane mnene kuliko ulivyo. Probi, yaani kichwa cha altrasaundi kinachoshikwa mkononi, nayo isimame wima juu ya kitako cha uvimbe, kwa kuwa ikielekezwa mshazari kimo huongezeka bila sababu. Chembe za chokaa hutupa kivuli nyuma yake na huweza kuuficha ukuta wa jicho kabisa; hapo sogezeni probi pembeni hadi ukuta uonekane pande zote mbili za kivuli, na mkadirie mstari wake kati ya pande hizo.

Kukubaliana pa kuanzia kipimo ni jambo ambalo halihitaji hata senti moja. Mmoja akipima kutoka uso wa ndani wa sklera, ule utando mweupe, na mwenzake akipima kutoka uso wa nje, watatofautiana kwa takriban milimita moja na kila mmoja atakuwa amepima vizuri. Chagueni uso wa ndani na muuandike katika fomu yenyewe. Watu wawili wapime mara tatu kila mmoja bila kuonyeshana majibu, na wakitofautiana kwa zaidi ya milimita 0.5 warudie wakiwa pamoja. Hifadhini picha ikiwa na alama za kipimo juu yake, kwa kuwa namba peke yake haiwezi kukaguliwa.

MRI, yaani mashine inayopiga picha kwa sumaku, huongeza habari pale inaposhukiwa kuwa uvimbe umeingia katika neva ya jicho. Watoto wenye retinoblastoma waepushwe na CT skani, inayotumia eksirei, inapowezekana, kwani waliorithi kasoro ya jeni ya RB1 wako katika hatari ya kupata saratani nyingine na mionzi huizidisha. Kabla ya MRI ya mtu mzima, ulizeni kwanza kama amewahi kuchomelea au kusaga chuma: fundi wa jua kali anaweza kuwa na kipande cha chuma jichoni asikijue, na sumaku ikakisogeza. Akiwa ndani ya mashine, mpeni alama moja ya kukazia macho. Katika chuo kikuu cha Leiden, Uholanzi, watafiti wametumia MRI kupanga tiba ya macho, lakini hata huko jicho linalotembea huharibu picha.

Mnapokabidhi kipimo kwa kituo cha rufaa, semeni wazi kama unene wa sklera umeongezwa au la, kwa maana wapangaji wa tiba huongeza milimita 1 ili kukokotoa dozi ya mionzi hadi kilele cha uvimbe. Plaki hutofautiana kwa elementi ya mionzi iliyomo: ya ruthenium-106 hutoa mionzi ya beta isiyofika mbali na hutumika kwa uvimbe usiozidi milimita 5 hadi 6. Ya iodine-125 hufaa kwa uvimbe wa hadi milimita 10 hivi. Ruthenium hupungukiwa na nusu ya nguvu katika siku 372, iodine katika siku 59. Mgonjwa akichelewa siku 30, plaki ya ruthenium itakuwa imepoteza takriban asilimia 5, na ya iodine asilimia 30, kwa hiyo saa za kukaa jichoni zikokotolewe kwa tarehe ya upasuaji wenyewe. Uvimbe wa retinoblastoma nao haungoji; zikipita wiki mbili kati ya kipimo na tiba, pimeni upya.