Kuchomelea chuma cha kusubu bila kukipasua

Ukipanda vilima vya Mwanza utawakuta wapasua mawe wamewasha moto juu ya jabali. Ngozi ya jiwe inapata moto na kutanuka, tumbo lake linabaki la baridi, mwisho jabali linaachia ufa lenyewe. Miaka yangu ya kwanza ya kuchomelea niliwafanyia wateja wangu jambo lilelile: napasha kona moja ya chuma cha kusubu, kasti kama tunavyoiita karakanani, halafu nashangaa kimepasuka.

Kasti ina kaboni ya asilimia 2 hadi 4. Chuma cha geti hakifiki hata nusu asilimia. Sehemu kubwa ya kaboni hiyo imelala ndani kama vijipande vyembamba vya risasi ya penseli, ndiyo maana kasti haipindi, inakatika. Mshono unapopoa unajikunja na kuvuta chuma kilicho jirani. Chuma cha geti kinanyumbulika kidogo kikavumilia. Kasti haina pa kunyumbulika. Tena pale kando ya mshono, ikipoa ghafla inakuwa ngumu kama kioo, hata drili haiingii. Wakati wa kuogopa ni ule wa kupoa, ambapo mafundi wengi wameshavua miwani na kudai hela yao.

Kwanza hakikisha ni kasti kweli. Iguse kwa greenda: cheche zake ni fupi, nyekundu zilizofifia, hazirushi nyota ndefu kama chuma cha kawaida. Piga patasi ndogo pembeni. Chuma cha kawaida kitajikunja kama ganda la chungwa, kasti itamomonyoka, na vumbi lake litakuachia vidole vyeusi.

Kazi ninayoipata sana hapa Mabatini, mtaa wetu wa Mwanza, ni miguu ya injini za dizeli za mashine za kusaga, zinazoletwa kutoka Magu, Sengerema na visiwani. Mguu mmoja wa namna hiyo ndio ulionifundisha. Mteja alikuwa anawahi meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, nami nikaona vibaya kumchelewesha. Nikachomelea mchana, mlango wazi, upepo wa ziwa unaingia moja kwa moja. Mshono ulikuwa mzuri kuutazama. Nilipokuwa naufunga kwenye gunia nikasikia "tak!", sauti ndogo tu, kama kijiti kikavu kimevunjwa. Ufa mpya ulikuwa umetembea kando ya mshono, milimita mbili hivi kutoka pale nilipochomelea. Yule baba aliondoka na mguu uliovunjika, na kijijini kwake watu walikuwa wanasubiri unga. Tangu siku hiyo kazi ya kasti nampa mteja kesho, hata akikasirika.

Sasa kazi yenyewe. Injini ya zamani imekunywa mafuta mpaka ndani ya chuma, ukisugua juu juu tu mshono utajaa vitobo. Osha, kisha pasha taratibu mpaka moshi uishe, futa, pasha tena. Ndipo utafute mwisho wa ufa, maana ufa hauishii pale jicho linapoishia. Paka mafuta ya taa, subiri dakika chache, futa pakauke kabisa, halafu sugua chaki nyeupe juu yake. Mafuta yaliyojificha yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki, na mara nyingi utakuta umezidi ulichodhani kwa sentimita moja au mbili. Toboa tundu la milimita 3 kila mwisho wa mstari huo, ufa usiendelee mbele wakati unafanya kazi. Kisha chimba mfereji wa umbo la V. Chimba kwa greenda lakini malizia kwa tupa, kwa sababu jiwe la greenda linapakaza ile kaboni juu ya chuma na mshono hauishiki vizuri.

Hapo uchague njia moja na usiichanganye na nyingine. Ama upashe kifaa chote, ama ukiweke baridi muda wote. Katikati ya hizo mbili ndiko wapasua mawe walipo.

Ukichagua moto, panga mkaa kuzunguka kifaa chote na uvumilie saa nzima au zaidi. Nalenga nyuzi 300 kwenda juu, na joto hilo libaki hapo mpaka mshono wa mwisho. Ukiwa na gesi, ziba kwa brasi, yaani shaba ya njano, pamoja na poda ya boraksi: kasti haiyeyuki, inafika wekundu hafifu unaoonekana kivulini, na brasi inaishika yenyewe. Kwa mguu wa injini naipenda sana njia hii. Kwa kitu kinachokaa kwenye moto mkali, kama bomba la kutolea moshi, siitumii.

Ukichagua baridi, nunua rodi za nikeli, vijiti vya kuchomelea kwa umeme. Ni ghali, lakini rodi ya kawaida ya geti kwenye kasti ni kumwibia mteja. Yenye nikeli karibu yote inatobolewa kirahisi baadaye; ile ya nikeli asilimia 55 ina nguvu zaidi kwenye kipande kinene. Kwa rodi ya milimita 2.5 nakaa kati ya ampea 60 na 80. Choma urefu wa sentimita mbili na nusu tu, usizidi. Palepale, mshono ungali mwekundu, ugongegonge kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, vipigo vyepesi na vingi, kama mtu anayetwanga karanga. Nyundo inautanua mshono wakati wenyewe unataka kujikunja. Kisha acha. Subiri mpaka uweze kulaza kiganja karibu na mshono bila kukiondoa, ndipo uchome kipande kingine, na kiwe mbali na kile cha kwanza. Mguu mmoja unaweza kunila nusu siku hivyo. Fungua madirisha ya nyuma, moshi wa nikeli si wa kuvuta, ila kifaa kikae mbali na upepo.

Kilichopashwa moto kizikwe papo hapo. Nina pipa la majivu ya pumba za mpunga, tunazozipata bure kwenye mashine za kukoboa. Yanashika joto kuliko mchanga, ila yawe makavu kabisa, na siku ya kazi nayapasha kwanza. Kifaa kinaingia jioni, na asubuhi nikiingiza mkono bado nakuta uvuguvugu chini. Sikitoi mpaka uishe.

Nikikitoa narudia mafuta ya taa na chaki. Chaki ikibaki nyeupe, ndipo namuuliza mwenye mashine sakafu yake ikoje, maana mara nyingi mguu ulikatika kwa sababu ulikazwa nati juu ya saruji isiyo sawa. Nampa vipande vyembamba vya bati vya kusawazishia chini ya mguu, na namwonyesha kukaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, hii halafu ya mkabala wake.