Usinunue amplifaya ya gari kwa wati peke yake: angalia krosova, kisha iseti kwa mita

Ukipita kwenye maduka ya redio za magari hapa Dodoma utaona maboksi yameandikwa wati 2000, 3000, mengine hadi 5000. Namba hizo ni za kuuzia. Mteja anayeniletea Noah au IST huwa ameshazikariri, na swali lake ni moja tu: "Fundi, hii itagonga?" Mimi namwomba anigeuzie amplifaya nione upande wenye nobu na swichi. Amplifaya mbili zenye nguvu sawa zinaweza kutoa mziki tofauti kabisa kwa sababu ya krosova, yaani sehemu inayogawa sauti: besi iende kwenye sabufa, sauti za kati ziende kwenye spika za milangoni, kali ziende kwenye twita.

Hatua ya 1: Pima ukweli wa wati

Tafuta neno RMS, yaani wati za kweli inazotoa muda wote, kwenye kitabu chake. Kama halipo, soma fyuzi iliyo ubavuni. Fyuzi ya ampea 30 ukizidisha kwa volti 14 unapata wati 420 zinazoingia, na zinazotoka ni pungufu ya hapo. Amplifaya ya daraja AB (aina ya saketi yake, "class" kwa Kiingereza) hutoa takribani nusu, nyingine inageuka joto. Ya daraja D hutoa asilimia 80 na zaidi. Kwa hiyo boksi la wati 3000 lenye fyuzi moja ya 30 ni hadithi.

Kwa Hiace ya abiria inayopiga mziki kutwa kwenye jua la Oktoba, daraja D bila kujiuliza. Kwa anayesikiliza taratibu na ana nafasi kwenye buti, AB nzuri bado inanipendeza kwa spika za mbele.

Hatua ya 2: Linganisha aina ya krosova

Hapa usiwe na haraka.

Aina ya chini kabisa ni swichi tupu: HPF, LPF au FULL, na masafa, yaani mahali sauti inapokatwa, yamefungwa kiwandani, mara nyingi hezi (mitetemo kwa sekunde) 80 au 100. HPF hupitisha sauti za juu na kuzuia besi. LPF hufanya kinyume chake. Huwezi kuirekebisha, lakini pia haiharibiki kirahisi. Ikikutana na spika zinazoendana nayo, hakuna tatizo.

Ya pili, ndiyo iliyojaa madukani, ni ya nobu ya kuzungusha, tuseme kutoka hezi 50 hadi 250. Inafaa, ila maandishi yake usiyaamini. Katikati ya nobu si lazima iwe 150, na mara nyingi mkato wa spika za kushoto na wa spika za kulia haufanani. Halafu kuna vumbi letu. Kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza Desemba, amplifaya iliyo chini ya kiti hula vumbi, nobu inaanza kukwaruza na masafa yanahama. Zenye feni ndizo zinazovuta vumbi zaidi.

Ya tatu ni ya kidijitali, DSP, unayoiseti kwa kompyuta au programu ya simu. Ukiandika 80 ni 80. Unachagua hata mteremko, yaani ukali wa kukata: desibeli 12 au 24 kwa kila oktavu, yaani kila masafa yanapopungua nusu au kuongezeka maradufu. Tofauti yake ni kubwa. Spika iliyokatwa kwa HPF ya hezi 80, ukishuka hadi hezi 40, kwa mteremko wa 12 inabaki na takribani sehemu moja ya 16 ya nguvu. Kwa 24 inabaki moja ya 256. Spika za karatasi zilizokuja na gari kutoka Japani zinapona kwa huo mteremko mkali. DSP pia inachelewesha spika iliyo karibu. Dereva wetu anakaa kulia, basi kama spika ya kulia iko karibu naye kwa sentimita 60, icheleweshe milisekunde 1.7 hivi na sauti itakuja katikati ya dashibodi.

Ipo na krosova isiyotumia umeme wake: kapasita iliyofungwa kwenye waya wa twita. Twita ya omu 4 (kipimo cha inavyozuia umeme) yenye kapasita ya maikrofaradi 10 inaanza kwenye hezi 4000. Ukitoa twita hiyo ukafunga ya omu 8 na kapasita ukaiacha ileile, mkato unashuka hadi 2000, na twita inaungua wakati mwenye gari analaumu amplifaya. Ukibadilisha omu, badilisha na kapasita.

Hatua ya 3: Nyaya

Kwa ufupi. Fyuzi kuu iwe ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Kwangua ncha ya waya: ukiona nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, chukua mnene zaidi. Waya wa bodi, yaani wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha gari, uwe mfupi, na rangi ya gari hapo ikwanguliwe hadi chuma kionekane.

Hatua ya 4: Seti geni kwa mita

Geni ni nobu ya kiasi amplifaya inavyokuza sauti inayotoka kwenye redio. Chomoa spika zote. Kwenye redio weka besi na trebo sifuri, zima vichujio vyote vya redio, na kwenye amplifaya weka bass boost (kiboreshaji cha besi) sifuri. Kiboreshaji hicho kikifika desibeli 12 kinadai nguvu mara 16, na hakuna sabufa inayokushukuru kwa hilo.

Weka krosova FULL. Kama ni amplifaya ya sabufa isiyo na FULL, zungusha LPF hadi mwisho wa juu. Cheza toni, yaani mlio mmoja usiobadilika, ya hezi 80 kutoka kwenye flashi, si kwa Bluetooth, na sauti ya redio iwe robo tatu.

Sasa hesabu: zidisha wati za RMS kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili. Spika ya wati 75 na omu 4 inakupa volti 17.3. Sabufa ya wati 300 kwa omu 2 ni volti 24.5. Weka mita kwenye volti za AC, gusa matundu ya kutokea spika, panda na geni taratibu hadi ufike hapo. Kama amplifaya yenyewe ina wati chache kuliko spika, tumia wati za amplifaya.

Hatua ya 5: Seti krosova kwa toni ileile

Usiguse sauti ya redio. Washa LPF ya sabufa, zungusha nobu ukirudi chini huku ukitazama mita. Inaposhuka hadi asilimia 70, kwa mfano wetu kutoka 24.5 hadi 17.3, hapo ndipo hezi 80 ya kweli ilipo, hata kama nobu inaonyesha 110. Fanya hivyohivyo kwa HPF ya spika za mbele, kutoka 17.3 hadi 12.2, ila huku nobu unaipandisha kutoka chini. Kama kitabu kinasema krosova ni Linkwitz-Riley ya desibeli 24, shusha hadi nusu ya volti badala ya asilimia 70.

Spika ndogo au za karatasi zipe toni ya hezi 100.

Krosova ya redio iache imezimwa. Ukiwasha zote mbili kwenye 80, sauti inakatwa mara mbili, na katikati ya sabufa na milango panabaki shimo.

Hatua ya 6: Sikiliza

Zima, rudisha spika, kisha piga wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka. Mtu abonyeze swichi ya fezi, 0 na 180, inayogeuza sabufa isukume au ivute, wewe ukiwa kiti cha dereva. Bakiza upande unaoleta besi nyingi zaidi mbele. Kama sabufa imezidi, punguza geni yake tu, nobu ya krosova usiiguse. Halafu toka na gari barabara ya Singida kwa mwendo wa kawaida, kwa sababu mngurumo wa matairi humeza besi na gari lililosimama linakudanganya.

Ukirudi, dondoshea rangi ya kucha kidogo kwenye kila nobu. Gari likienda kuoshwa, lazima atokee wa kuzizungusha.