Kosa la toleo lirekebishwe kwenye tawi la toleo

Ofisini kwetu Kijitonyama tunatengeneza programu ya maduka ya jumla: stoo, mauzo, madeni. Wateja wengi wako Kariakoo, na mwenye duka wa Kariakoo hana subira. Risiti ikikosea jumla, simu inaita hapo hapo. Kwa hiyo kwenye Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, tuna matawi mawili, yaani mikondo miwili ya msimbo ule ule: `main`, ambako kazi mpya zinaingia kila siku, na `release/2.4`, ambalo ndilo liko kwa wateja.

Vijana wangu nawaambia hivi: kosa la toleo rekebisha kwenye `release/2.4`, kisha rekebisho hilo lipandishe `main`, yaani liunganishe huko. Usiingize `main` ndani ya toleo, maana utabeba na ile ripoti mpya ya kodi ambayo bado tunahangaika nayo.

```
git switch main
git pull
git merge --no-ff origin/release/2.4
```

Mgongano (mahali palipobadilishwa tofauti kwenye matawi yote mawili) utaukuta, hasa kwenye faili la namba ya toleo: huku 2.4.3, kule 2.5.0. Baki na ya `main`:

```
git checkout --ours version.txt
git add version.txt
```

Hapa `ours` ni tawi ulilosimama. Kwenye rebase (kuhamishia mabadiliko yako juu ya tawi jingine) inageuka, angalia sana. Washa pia `git config rerere.enabled true`, Git ikumbuke ulivyosuluhisha mgongano unaojirudia. Kwa faili la namba haikusaidii, kwa sababu namba inabadilika kila mara.

Kuna marekebisho yasiyotakiwa kupanda, mfano kiraka cha msimbo ambao `main` tumeshauandika upya. Pandisha kwanza yote yaliyotangulia, halafu taja komiti yake (badiliko moja lililohifadhiwa):

```
git merge -s ours <komiti>
```

Git inaandika kuwa imeunganishwa, lakini haichukui kitu. Usichanganye na `-X ours`: hiyo inachukua mabadiliko ya upande wa pili, ila palipogongana inabaki na ya kwako. Herufi moja tu hiyo, na kazi ya mwenzio inapotea kimya kimya.

Na kama dawa ya kosa ilishaandikwa `main`? Ishushe kwenye toleo kwa `git cherry-pick -x`, inayonakili komiti moja, ujumbe ubaki na utambulisho wa komiti ya asili. Ila iwe kwa nadra, kwani nakala hiyo ni komiti mpya na inaweza kugongana na ya kwanza baadaye.

Kabla hujafunga kompyuta ukakimbilie mwendokasi:

```
git log --oneline main..release/2.4
```

Ikitoa mstari hata mmoja, kuna komiti haijapanda. Ipandishe kwanza.